KUHESABU MASIKIO
Jinsi Wasikilizaji wa Redio na Watazamaji wa Televisheni Wanavyopimwa

1. Sauti iendayo bila kurudi

Issuna ni kata katika Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida, nchini Tanzania. Ipo katika njia kuu itokayo Manyoni kwenda Singida mjini. Nchi yake ni kavu, yenye upepo mwingi. Watu wake hulima mtama, uwele na alizeti, tena hufuga ng'ombe, mbuzi na kuku. Jioni, kazi za shamba zikiisha, redio huwashwa majumbani na madukani. Mmoja hutaka habari za mvua, mwingine bei ya alizeti, mwingine mpira, na mwingine nyimbo za dini.

Sasa, msomaji, fikiri jambo hili. Mtangazaji ameketi Dar es Salaam katika chumba kimya, mbele ya chombo cha kunasia sauti. Asema, "Wasikilizaji, hamjambo?" Sauti yake hugeuzwa kuwa umeme, hupelekwa kwenye mlingoti mrefu, nayo hutoka huko kwa mawimbi yasiyoonekana kwa macho na kuenea pande zote. Kufumba na kufumbua imekwisha kufika mbali. Lakini hapana wimbi lirudilo kumjibu, "Hatujambo." Mtu wa Issuna akiiwasha redio yake, mlingoti haujui. Akiizima, haujui. Akilala usingizi huku redio ikinguruma peke yake, haujui vile vile.

Mwenye duka ajua ameuza vibaba vingapi vya chumvi. Mwenye gazeti ajua nakala ngapi zimenunuliwa. Mwalimu huwaona wanafunzi wake mbele yake, naye ajua ni nani anayesikiliza na ni nani anayechungulia dirishani. Mtangazaji hana kibaba, hana nakala, wala haoni uso wa mtu.

Televisheni nayo ina shida iyo hiyo. Katika Tanzania, mitambo ya televisheni ya namna ya zamani ilianza kuzimwa tarehe 31 Desemba 2012, kwanza Dar es Salaam, na watu wakaanza kutumia ving'amuzi. Hata hivyo ving'amuzi vingi hupokea tu, havirudishi jibu.

2. Faida ya kujua

Huenda mtu akauliza, "Yafaa nini kujua idadi ya wasikilizaji? Si watangaze tu, na atakaye asikilize?" Jibu lake ni hili. Serikali ikitoa onyo la ugonjwa kwa redio, yataka kujua kama onyo limewafikia watu au limepotea hewani. Mfanyabiashara alipaye fedha ili bidhaa zake zitangazwe ataka kujua kama fedha yake imefanya kazi. Mwenye kituo cha redio ataka kujua saa ipi yafaa kwa wakulima, na saa ipi kwa watoto. Akidhani ya kuwa wakulima hawasikilizi, atakiondoa kipindi chao na kuweka kingine kiwapendezacho watu wa mjini.

Basi kuhesabu wasikilizaji si mchezo. Ni njia ya kuamua nani atakayesemeshwa na nani atakayeachwa. Asiyehesabiwa husahauliwa, hata kama alikuwa akisikiliza kila siku kwa makini.

3. Kuhesabu barua, na hatari yake

Njia ya kwanza ya kuwajua wasikilizaji ilikuwa barua. Kituo cha Sauti ya Dar es Salaam kilianza kutangaza mwaka 1951, na tangu mwaka 1965 redio ya taifa iliitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Wasikilizaji wa redio wa siku zile walipenda kutuma barua na kadi za salamu, wakitaja majina ya ndugu na rafiki. Kila kadi ilikuwa ushahidi ya kuwa mahali fulani pana mtu asikilizaye.

Walakini barua haifai kuwa kipimo. Aandikaye barua ni yule ajuaye kuandika, mwenye fedha ya stempu, akaaye karibu na posta. Bibi kizee asikilizaye redio huku akichambua mboga haandiki barua. Mchungaji achukuaye redio ndogo malishoni haandiki barua. Ukihesabu barua, umewahesabu waandishi, hujawahesabu wasikilizaji.

Jambo lililotukia Marekani mwaka 1936 laonyesha hatari hiyo. Gazeti moja maarufu, jina lake Literary Digest, lilitaka kubashiri ni nani atakayechaguliwa kuwa rais. Lilipeleka karatasi za maswali kwa watu milioni 10, na watu zaidi ya milioni 2 wakajibu. Kwa majibu hayo gazeti likasema Alfred Landon atashinda. Siku ya uchaguzi ilipofika, Franklin Roosevelt alishinda kwa kura nyingi mno. Mtu mmoja, George Gallup, aliyeuliza watu wachache zaidi lakini akawachagua kwa uangalifu, alikuwa amebashiri sawasawa. Kosa la gazeti lilikuwa nini? Majina mengi lilikuwa limeyapata katika orodha za watu wenye simu na wenye motokaa, nao walikuwa watu wenye mali. Tena waliojibu walikuwa wale waliopenda kujibu. Watu maskini hawakuulizwa vya kutosha. Wingi wa majibu haukuufuta upungufu huo.

4. Kuonja chungu

Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha ya kuwa Tanzania ina watu 61,741,120. Nani awezaye kuwauliza wote kila siku, "Jana ulisikiliza nini?" Hapana. Lakini mpishi hali chungu kizima ili ajue kama mchuzi una chumvi. Huonja kijiko kimoja. Ila kwanza hukoroga vizuri, maana asipokoroga ataonja ya juu tu, na chumvi imelala chini. Kijiko hicho cha watu huitwa sampuli.

Tuseme wanafunzi wa Issuna wataka kujua ni watu wazima wangapi walisikiliza habari za jioni jana. Tuseme pana nyumba 1,000, nao wana nafasi ya kwenda kwenye nyumba 100. Waende zipi? Wakienda zile zilizo kando ya barabara kuu tu, watakosea. Huko ndiko kwenye maduka na umeme, na desturi za watu wa huko huenda zikawa mbali na za wale wakaao ndani mashambani. Wakienda kwa rafiki zao tu, watakosea pia.

Njia ya haki ni hii. Kwanza waandike nyumba zote katika orodha, tangu 1 hata 1,000. Kisha wapige kura kwa vikaratasi kutoka 1 hata 10. Tuseme kikaratasi cha 7 kimetoka. Basi waende nyumba ya 7, ya 17, ya 27, ya 37, na kuendelea hivyo mpaka mwisho. Katika kila nyumba wapige kura tena kuchagua mtu mzima mmoja wa kuulizwa, wasimwulize baba peke yake kwa sababu ndiye aliyeketi mlangoni. Ikiwa mtu aliyechaguliwa yupo shambani, sharti warudi jioni. Wasimwandike jirani badala yake.

Tuseme watu 40 katika hao 100 wamejibu, "Nilisikiliza." Je, waweza kusema kwa hakika ya kuwa 40 katika kila watu 100 wa Issuna walisikiliza? La. Sampuli ni kijiko, si chungu. Kwa watu 100, wajuzi wa hesabu husema ya kuwa ukweli yamkini upo kati ya 30 na 50. Wakiulizwa watu 400, na majibu yakawa ya namna ile ile, ukweli yamkini upo kati ya 35 na 45. Angalia: watu wameongezwa mara 4, lakini kosa limepungua nusu tu. Ndiyo sababu wapimaji hawaongezi watu pasipo mwisho. Wakiisha kupata wa kutosha, jasho lao hulitia katika kuchagua kwa haki.

5. Maswali na madaftari

Katika Marekani, Archibald Crossley alianza mwaka 1930 kupima wasikilizaji kwa simu. Watu walipigiwa na kuulizwa walisikiliza nini siku iliyotangulia. Lakini binadamu ni msahaulifu. Kipindi kikubwa chenye jina hukumbukwa, kidogo husahauliwa. Kwa hiyo mwaka 1934 C. E. Hooper alianza kutumia njia nyingine: aliwauliza watu wanasikiliza nini saa ile ile simu inapolia. Kosa la kumbukumbu likapungua, bali lingine likabaki: asiye na simu hakuulizwa.

Uingereza, shirika la BBC lilianza kazi hiyo mwaka 1936, likimweka Robert Silvey kuisimamia. Tangu mwisho wa mwaka 1939 waulizaji wake waliwaendea watu kila siku na kuwauliza habari za jana tu, maana ya jana bado hayajapoa kichwani.

Njia nyingine ni daftari. Mtu aliyechaguliwa hupewa daftari lenye siku na saa, naye huandika kila alichosikiliza. Njia hii ni nzuri kwa mtu mwaminifu. Mvivu huliacha tupu juma zima, kisha siku ya mwisho hulijaza lote kwa kubuni.

6. Mashine zinazosikiliza

Kwa kuwa binadamu husahau, wengine walitafuta mashine isiyosahau. Walimu wawili wa chuo cha ufundi cha MIT katika Marekani, Robert Elder na Louis Woodruff, walitengeneza chombo kilichofungwa ndani ya redio. Kiliandika katika utepe wa karatasi saa ambayo redio iliwashwa na kituo ambacho mshale wake ulisimama. Mwaka 1936 Arthur C. Nielsen alikichukua chombo hicho, na baada ya majaribio mengi akaanza kukitumia kwa biashara mwaka 1942. Kiliitwa Audimeter. Baadaye utepe wa karatasi uliachwa, ikatumiwa filamu, na wenye nyumba wakaituma kwa posta.

Mashine hiyo haikusahau wala haikusema uongo. Hata hivyo ilikuwa na upofu mmoja. Ilijua ya kuwa redio imewashwa. Haikujua ni nani asikilizaye. Lau ingalifungwa katika redio ya dukani Issuna, ingaliandika redio moja tu, ijapokuwa watu 12 wameizunguka. Na katika nyumba ambamo redio yalia na watu wote wamekwenda kisimani, ingaliandika vile vile redio moja. Ilihesabu masanduku, haikuhesabu masikio.

Kwa ajili hiyo, katika miaka ya 1980, kilitengenezwa kipimo kingine cha televisheni chenye vitufe. Kila mtu wa nyumbani ana kitufe chake. Aingiapo kutazama hukibonyeza; atokapo hukibonyeza tena. Marekani ilianza kukitumia kwa nchi nzima mwaka 1987. Hapo wapimaji waliweza kujua si televisheni tu, bali kama ni mama, baba au mtoto atazamaye. Lakini watoto huchoka kubonyeza, na wageni husahau.

Basi vikaja vipimo vinavyovaliwa mwilini. Tangu mwaka 2001, Uswisi ilitumia saa ya mkononi yenye sikio ndani yake. Kila dakika saa hiyo ilinasa sauti kwa muda wa sekunde 4 na kuigeuza kuwa alama. Alama hizo zililinganishwa na sauti za vituo vyote vya redio, na kwa kulingana kwake ikajulikana mtu alikuwa amekisikia kituo gani. Katika Marekani, kampuni ya Arbitron ilitengeneza kifaa kidogo cha kuchukuliwa na mtu. Vituo vya redio huchanganya katika matangazo yao alama ya sauti isiyotambulikana na sikio la binadamu, lakini kifaa huitambua. Mtu akipita karibu na redio, kifaa huandika.

Hata hapo kazi haijaisha. Kusikia si kusikiliza. Kifaa hujua ya kuwa sauti imefika mwilini. Hakijui kama imefika moyoni.

7. Kipimo cha Dodoma

Katika Tanzania lilifanywa jaribio moja ambalo wataalamu wa nchi nyingi wamelisoma. Mwezi wa Julai 1993, Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati. Mmoja wa watu wa mchezo huo alikuwa dereva wa lori, jina lake Mkwaju, ambaye hakuitunza nyumba yake, na mkewe aliitwa Tunu. Kusudi la mchezo lilikuwa kuwafundisha watu uzazi wa mpango na kujikinga na ukimwi.

Wenye kazi walitaka kujua mambo mawili: je, watu wanasikiliza? Na je, wakisikiliza, wanabadilika? Basi wakafanya hivi. Mchezo ulitangazwa katika sehemu nyingi za nchi, bali mtambo wa Dodoma, mkoa unaopakana na Singida, haukuutangaza tangu mwaka 1993 hata 1995. Kila mwaka waulizaji walikwenda nyumba kwa nyumba, penye mchezo na pasipo mchezo, wakauliza maswali yale yale. Katika zahanati nako, watu wapya walioingia kutaka huduma waliulizwa ni nini kilichowaleta.

Ilionekana ya kuwa mahali palipotangazwa mchezo, watu waliofuata uzazi wa mpango waliongezeka kuliko Dodoma. Mwaka 1995 Dodoma nao wakaanza kuupata mchezo, na huko pia mabadiliko yakaonekana. Habari za jaribio hilo, lililosimamiwa na Everett Rogers na wenzake, zilitolewa katika maandishi ya wataalamu mwaka 1999. Jaribio hilo halikuhitaji saa yenye sikio wala utepe wa karatasi. Lilihitaji miguu ya kutembea, maswali mazuri, na mahali pawili pa kulinganisha.

8. Simu ya mkononi na mizani ya haki

Siku hizi katika Afrika ya Mashariki wapimaji hutumia sana simu ya mkononi. Kampuni ya GeoPoll, kwa mfano, hupeleka maswali kwa ujumbe mfupi, na ajibuye hupewa salio kidogo la simu. Njia hii ni nyepesi na ya haraka. Asubuhi moja mpimaji aweza kuuliza watu wa Singida, Mombasa na Kampala bila kuondoka kitini.

Lakini kumbuka barua na gazeti la mwaka 1936. Nani hana simu? Nani anayo, ila haina moto? Nani anayo, ila hajui kusoma? Mara nyingi ni mzee, ni mwanamke wa kijijini, ni maskini. Hao ndio wanaoitegemea redio kuliko wote, nao ndio wa kwanza kuachwa na hesabu.

Wapimaji wema hujitahidi kusawazisha mizani. Tuseme watu 100 wamejibu, wanaume 70 na wanawake 30. Katika wanaume, 42 walisikiliza. Katika wanawake, 6. Ukijumlisha hivi hivi utapata 48 katika 100. Lakini mahali pale wanaume na wanawake ni nusu kwa nusu. Wanaume waliosikiliza ni 60 katika kila 100, na wanawake ni 20 katika kila 100. Basi jibu la haki ni katikati ya 60 na 20, yaani 40. Tofauti hiyo ya 8 ilitokana na kuwasikiza wanaume zaidi.

Hata mizani hiyo ina mwisho wake. Waweza kuwaongezea uzito wanawake 30 walioulizwa; huwezi kumwongezea uzito mtu ambaye hukumwuliza kabisa. Sifuri ukiizidisha mara 1,000 hubaki sifuri. Kwa hiyo bado wako waulizaji wanaopanda basi, kisha pikipiki, kisha hutembea kwa miguu mpaka nyumba ya mwisho katika orodha. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Naye aulizwaye ana wajibu wake. Mara nyingi mtu huulizwa, "Je, ulisikiliza kipindi cha elimu?" naye hujibu "Ndiyo" ili aonekane mwema, kumbe alikuwa akisikiliza mpira. Hajamfurahisha mwulizaji, amempoteza. Mpimaji mwema huomba ruhusa kwanza, hutunza siri za nyumba, wala hamcheki mtu kwa ajili ya jibu lake. Aulizwaye naye husema kweli, hata akiwa hakusikiliza kitu.

Mchungaji wa Injili alikuwa na kondoo 100. Alijuaje ya kuwa mmoja amepotea? Alihesabu. Asingalihesabu, asingalimtafuta.

MASWALI

1. Kwa nini mtangazaji wa redio hawezi kuwajua wasikilizaji wake kama mwenye gazeti awezavyo kuwajua wanunuzi wake?
2. Gazeti la Literary Digest lilipata majibu zaidi ya milioni 2, walakini lilikosea. Eleza sababu.
3. Mpishi hukoroga chungu kabla ya kuonja. Katika kuchagua nyumba za Issuna, "kukoroga" ni nini?
4. Kipimo kilichofungwa ndani ya redio kilikuwa na upofu gani?
5. Kwa nini mchezo wa Twende na Wakati haukutangazwa Dodoma katika miaka ya kwanza?
6. Hesabu: Watu 100 wamejibu, wanaume 80 na wanawake 20. Wanaume 40 na wanawake 15 walisikiliza. Ikiwa wanaume na wanawake ni nusu kwa nusu, ni wangapi katika kila 100 waliosikiliza?
7. Kazi ya kufanya: Andikeni orodha ya nyumba zilizo karibu na shule yenu. Chagueni nyumba 10 kwa kura, mwombe ruhusa kwa adabu, na kuuliza watu wa nyumba hizo walisikiliza nini jana jioni. Msiache nyumba kwa sababu ipo mbali.